Homa ya Rumatiki kwa Mtoto Mwenye Maumivu ya Viungo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi, walimu na wahudumu wa zahanati wa Tanzania na nchi jirani, ambako homa ya rumatiki bado inaharibu mioyo ya watoto ingawa dawa ya kuizuia ni ya bei nafuu na imejulikana kwa zaidi ya miaka 70. Hayachukui nafasi ya mtaalamu aliyemwona mtoto na kumpima. Yanakusudia kumsaidia msomaji ajue aulize nini na asikubali kuondoka kabla ya kuchunguzwa kitu gani.

Homa ya rumatiki ni nini, na maumivu ya viungo yanahusianaje na koo?

Ni ugonjwa unaofuata maambukizi ya koo yaliyosababishwa na bakteria aina ya streptokoka wa kundi A. Kwa kawaida koo huuma kwa siku chache, likapona lenyewe au likasahaulika, kisha baada ya wiki mbili au tatu hivi mtoto hupata homa na viungo vyake kuanza kuvimba. Wakati huo bakteria mara nyingi hayupo tena. Kinachomsumbua mtoto ni kinga ya mwili wake mwenyewe, ambayo ilijifunza kumpiga bakteria na sasa inashambulia viungo, moyo, ngozi na wakati mwingine ubongo, kwa sababu baadhi ya sehemu za bakteria zinafanana na tishu za mwili.

Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na ni nadra kabla ya miaka 3. Si kila mtoto aliyeugua koo la streptokoka hupata homa hii. Hata katika milipuko mikubwa iliyofuatiliwa bila matibabu, waliopata walikuwa takriban 3 kati ya 100. Hata hivyo, mtoto aliyepata mara moja yumo katika hatari kubwa ya kupata tena, na kila mara inaporudi moyo huumia zaidi.

Baadhi ya watu huiita homa ya baridi yabisi, na hapo hutokea kutoelewana, kwa kuwa baridi yabisi ya mzee wa miaka 60 anayelalamikia magoti ni ugonjwa mwingine kabisa. Mtoto hapati homa ya rumatiki kwa kunyeshewa mvua, kulala sakafuni au kuoga maji ya baridi.

Maumivu yake yakoje? Nitayatofautishaje na maumivu ya kawaida?

Hushika viungo vikubwa: magoti, vifundo vya miguu, viwiko na vifundo vya mikono. Kiungo huvimba, huwa cha moto, na huuma kupita kiasi ukilinganisha na uvimbe unaoonekana, hata mtoto akakataa shuka lisimguse. Jambo linaloitambulisha homa hii kuliko mengine ni kwamba maumivu huhama. Leo ni goti la kulia, baada ya siku moja au mbili goti hilo limetulia na kifundo cha mguu wa kushoto ndicho kinachouma, kesho kutwa ni kiwiko. Mzazi asiyelijua hilo huweza kudhani kwamba mtoto anasingizia ili asiende shule, na walimu nao huwa na haraka ya kuamini hivyo.

Kila kiungo hukaa na maumivu kwa siku chache, na hata bila matibabu yote huisha ndani ya wiki nne hivi bila kuacha kilema. Hapo ndipo ulipo mtego wa ugonjwa huu. Viungo vinapona, familia inashukuru, na hakuna anayekumbuka kwamba katika wiki hizohizo valvu za moyo, yaani milango midogo inayozuia damu isirudi nyuma, huenda zilikuwa zimewaka moto kimyakimya. Kwa sababu hiyo ningependa kila mzazi ayachukulie maumivu ya viungo yenye homa kama nafasi ya kuuona moyo wa mtoto mapema, nafasi ambayo huenda isijirudie mpaka atakapoanza kushindwa kupumua miaka kadhaa baadaye.

Katika mazingira yetu dalili haziji daima kama zilivyoandikwa vitabuni. Kiungo kimoja peke yake kinaweza kuvimba, au viungo kadhaa vikauma bila kuvimba kabisa, na bado ikawa ni homa ya rumatiki.

Mtoto analia kwa maumivu. Nimpe dawa gani kabla ya kumfikisha hospitali?

Mpe parasetamoli kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, kisha mpeleke akachunguzwe. Usimpe aspirini, ibuprofeni, diklofenaki wala vidonge vya steroidi kama prednisoloni kabla hajaonwa. Ushauri huu unaonekana wa kikatili, lakini una sababu. Viungo vya homa ya rumatiki hutulia kwa haraka ya kushangaza vinapopata dawa za kuzuia uvimbe, mara nyingi ndani ya siku mbili au tatu. Dawa hizo zikitolewa mapema, maumivu hayapati muda wa kuhama, uvimbe unayeyuka, na daktari atakayemwona siku ya tatu hatakuwa na chochote cha kushika. Sindano ya diklofenaki inayochomwa haraka ili mtoto anyamaze inaweza kuwa imenyamazisha ushahidi wote uliokuwepo.

Ikiwa tayari amepewa, usifiche. Taja jina la dawa, siku aliyopewa, na jinsi maumivu yalivyobadilika baada yake, kwa sababu hata kupona kwa kasi hiyo ni taarifa ambayo daktari anaweza kuitumia.

Ni magonjwa gani mengine yanayofanana na hili?

Ni mengi, na baadhi yake hayasubiri hata siku moja. La kwanza kuliondoa ni usaha ndani ya kiungo. Kiungo kimoja, hasa nyonga au goti, kinapouma vikali pamoja na homa, na mtoto akakataa kabisa kukikanyagia au kukikunja, huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo ili kiungo kivutwe maji na kupimwa. Saa chache zinaweza kuamua kama atatembea vizuri maishani. Maambukizi ndani ya mfupa hufanana na hali hii.

Ugonjwa wa pili wa kuufikiria Afrika Mashariki ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi huzaliwa nayo, na maumivu yake ya mifupa na viungo, pamoja na homa, yanaweza kumdanganya hata mtu mzoefu. Kuna ugumu zaidi: mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu husikika sauti ya ziada kwenye moyo ingawa valvu zake ni nzima, na mtu akaunganisha viungo na moyo akatoa jibu lisilo sahihi. Mtoto ambaye hajawahi kupimwa selimundu apimwe kabla ya kupewa jina la ugonjwa litakalomfuata kwa miaka mingi.

Katika ukanda wa pwani na mahali penye milipuko, virusi vya chikungunya na dengi huleta homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo. Chikungunya si mgeni kwetu; mlipuko wa kwanza kutambuliwa ulitokea katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 hadi 1953. Hapo kwa kawaida watu wengi wa mtaa mmoja huugua pamoja, wakubwa kwa wadogo, na viungo vidogo vya vidole hushiriki. Kwa familia za wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi, ugonjwa wa brusela lazima uulizwe. Kifua kikuu cha kiungo huja polepole, kwa wiki na miezi, na hukaa mahali pamoja.

Kiungo kilichovimba kwa zaidi ya wiki sita, chenye ukakamavu wa asubuhi unaolegea mchana, kinaelekeza kwenye baridi yabisi ya utotoni, ambayo ni ugonjwa wa muda mrefu na haihami kwa kasi. Maumivu ya mifupa yanayomwamsha mtoto usiku, akiwa amepauka, ana michubuko isiyo na sababu au tezi zilizovimba, yanahitaji kipimo cha damu bila kuchelewa, kwa sababu saratani ya damu huanza hivyo pia. Yale yanayoitwa maumivu ya kukua huuma miguu yote miwili jioni au usiku, hayana uvimbe wala homa, na asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida.

Malaria nayo huchosha mwili na kuuma viungo, lakini haivimbishi goti. Kipimo cha malaria kikionyesha kwamba anayo, atibiwe. Kiungo kilichovimba bado hakijapata maelezo.

Daktari anathibitishaje kwamba ni homa ya rumatiki?

Hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachojibu ndiyo au hapana. Uamuzi hufanywa kwa kukusanya dalili na kuzilinganisha na vigezo vya Jones, vilivyopewa jina la daktari wa Marekani T. Duckett Jones aliyevitoa mwaka 1944, na ambavyo vimerekebishwa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2015. Marekebisho hayo ni muhimu kwetu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza yalitenganisha nchi ambako ugonjwa ni nadra na maeneo kama yetu ambako bado upo kwa wingi, na kulegeza masharti kwa maeneo haya ili watoto wasipotee.

Dalili kubwa ni tano: uvimbe wa moyo, maumivu ya viungo yenye uvimbe, mtukutiko wa mwili usiozuilika, upele wa duara wenye kingo zinazosambaa, na vinundu vigumu visivyouma chini ya ngozi, hasa karibu na viwiko na magoti. Upele huo ni mgumu kuuona kwenye ngozi nyeusi, na vinundu ni nadra, kwa hiyo kutokuwepo kwake kusimfariji mtu sana. Kwa maeneo yenye hatari, kiungo kimoja kilichovimba kinatosha kuwa dalili kubwa, na hata maumivu ya viungo vingi bila uvimbe yanaweza kuhesabiwa hivyo baada ya magonjwa mengine kuondolewa. Uvimbe wa valvu unaoonekana kwa ECHO tu (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), bila kusikika kwa masikio, nao ni dalili kubwa.

Dalili ndogo ni homa ya kuanzia nyuzi 38, maumivu ya kiungo kimoja bila uvimbe, vipimo vya damu vya ESR au CRP, vinavyoonyesha uvimbe mwilini, vilivyopanda (ESR ya 30 au zaidi kwa maeneo haya), na ECG (mchoro wa umeme wa moyo) inayoonyesha kwamba umeme wa moyo unachelewa kupita. Mtoto anayepata ugonjwa kwa mara ya kwanza anahitaji dalili kubwa mbili, au kubwa moja na ndogo mbili, pamoja na ushahidi kwamba karibuni aliambukizwa streptokoka. Maumivu ya viungo hayahesabiwi mara mbili: yakishawekwa upande wa dalili kubwa hayawezi kurudi upande wa ndogo. Kwa aliyewahi kuugua, hata dalili ndogo tatu pamoja na ushahidi huo zinaweza kutosha kusema kwamba ugonjwa umerudi.

Pale ambapo picha haijakamilika, lakini shaka ni kubwa na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza, daktari anaweza kuanza sindano za kinga, yaani penisilini ya kila mwezi ya kuzuia ugonjwa usirudi, kwa muda huku mtoto akifuatiliwa kwa ECHO, kisha uamuzi ukaangaliwa upya. Huo si udhaifu wa daktari.

Tumeambiwa kwamba ASO ya mtoto iko juu. Je, ana homa ya rumatiki?

Si lazima. ASO hupima kingamwili ambazo mwili ulitengeneza dhidi ya streptokoka. Inaeleza kwamba mtoto alikutana na bakteria huyo na haielezi zaidi ya hapo. Watoto wa shule katika maeneo yetu hukutana naye mara kwa mara, kwa hiyo wengi wenye afya njema wana ASO iliyopanda. Mtoto asiye na homa, asiye na kiungo kilichovimba na mwenye moyo mzima hapaswi kuchomwa sindano kwa miaka mingi kwa sababu ya karatasi moja ya maabara. Hili hutokea mara nyingi kuliko inavyopaswa, na familia ina haki ya kuuliza: mbali na ASO, mmeona dalili gani?

Kinyume chake pia ni kweli. ASO moja ya kawaida haimwondolei mtoto ugonjwa, kwa kuwa si kila mwenye homa ya rumatiki hupandisha kingamwili hizo, na ndiyo maana, pale panapowezekana, hupimwa pia kingamwili nyingine dhidi ya streptokoka, ile ya DNase B, au kipimo hurudiwa baada ya wiki chache. Kuotesha maabara sampuli iliyopanguswa kooni wakati huo mara nyingi hakupati kitu, kwa sababu bakteria ameshaondoka.

Daktari amesikiliza kifua na kusema kwamba moyo uko sawa. Kuna haja ya ECHO?

Ipo. Moyo unaweza kuwa umeguswa bila sauti yoyote kusikika, na ndiyo maana marekebisho ya 2015 ya vigezo vya Jones yalitaka kila mtoto anayeshukiwa au kuthibitishwa afanyiwe ECHO. Kipimo hiki hutumia mawimbi ya sauti, hakiumi, na hakina mionzi. Hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa na vituo vya moyo kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, Kampala. Ikiwa kinahitaji safari ndefu, kuchelewa kwa ECHO kusicheleweshe penisilini. Na ikiwa cha kwanza kimeonekana kizuri, huenda kikarudiwa baada ya wiki chache, kwa kuwa valvu huweza kuanza kuvuja baadaye.

Mtoto ameanza kurusha mikono, kuangusha vikombe na kulia bila sababu. Watu wanasema ni mapepo.

Huenda ni korea ya Sydenham, yaani homa ya rumatiki iliyofika kwenye ubongo. Huwapata wasichana zaidi, na huja kwa kuchelewa, mwezi mmoja hadi miezi sita baada ya koo kuuma, wakati vipimo vingine vyote huenda vimesharudi kawaida. Mwandiko huharibika, ulimi hautulii ukitolewa nje, mkono unaoshika mkono wako hubana na kulegea kwa zamu, hisia hubadilika ghafla. Akilala, mitukutiko yote hukoma. Dalili hii peke yake, sababu nyingine zikiondolewa, inatosha kuthibitisha ugonjwa. Hupungua yenyewe baada ya wiki au miezi, lakini mtoto lazima apimwe moyo na kuanza sindano za kinga. Aliyeadhibiwa darasani kwa ajili ya mwandiko huo anastahili kuombwa radhi.

Matibabu ya wakati wa ugonjwa yanakuwaje?

Mtoto hupewa penisilini hata kama koo haliumi tena, ili kumaliza bakteria aliyebaki. Baada ya uchunguzi kukamilika, viungo hutulizwa kwa naproksini, ibuprofeni au aspirini chini ya uangalizi wa daktari. Moyo ulioshindwa kazi hutibiwa kwa dawa za kupunguza maji mwilini na nyinginezo, na prednisoloni hutumika kwa uvimbe mkali wa moyo. Hakuna kati ya dawa hizi za kuzuia uvimbe iliyothibitishwa kwamba inazuia valvu kubaki na kovu. Kinachomlinda mtoto baada ya hapo ni kutougua tena.

Je, kila koo linalouma litibiwe kwa antibiotiki?

Hapana. Sehemu kubwa ya maumivu ya koo kwa watoto husababishwa na virusi. Mafua, makamasi, kikohozi, sauti ya kukwama na macho mekundu vinaelekeza huko, na antibiotiki haina kazi. Koo la streptokoka huanza ghafla, lina homa, kumeza kunauma, tonsili zimevimba na huenda zina madoa ya usaha, tezi za shingo chini ya taya zinauma zikiguswa, na hakuna kikohozi. Mtoto wa umri wa shule mwenye dalili hizi, hasa aliye katika nyumba au bweni lenye msongamano, aonwe na mhudumu wa afya.

Matibabu ni sindano moja ya benzathini penisilini kwenye msuli, au vidonge vya penisilini V au amoksilini kwa siku 10 kamili. Tofauti ya sindano na vidonge haiko katika nguvu ya dawa, bali katika ukweli kwamba siku ya nne mtoto amepona, vidonge vimewekwa kabatini, na siku sita zilizobaki ndizo zilizokuwa za kumaliza bakteria. Dozi ya sindano ni uniti 1,200,000 kwa mtoto mkubwa na uniti 600,000 kwa mdogo. Miongozo hutofautiana kuhusu mpaka wa uzito, kati ya kilo 20 na 30, kwa hiyo mhudumu afuate wa nchi yake. Kotrimoksazoli na doksisaiklini hazifai kwa kazi hii, japo hutolewa madukani. Mwenye mzio wa penisilini hupewa dawa ya kundi lingine kama erithromaisini au azithromaisini.

Kwamba kutibu koo huzuia homa ya rumatiki lilithibitishwa na watafiti waliofanya kazi miongoni mwa askari wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, na matokeo yakachapishwa mwaka 1950. Baadaye ilionekana kwamba hata matibabu yakianza hadi siku ya 9 tangu koo lianze kuuma, bado yanakinga. Mzazi aliyechelewa wikiendi nzima hajakosa basi.

Tatizo la njia hii ni kwamba watoto wengi wanaougua homa ya rumatiki hawakumbuki kuumwa koo, au waliumwa kidogo wasiseme. Msongamano ukipungua, madirisha yakafunguliwa madarasani na mabwenini na maji ya kunawa yakapatikana, bakteria hupata nafasi ndogo kwa wote, wakiwemo wasiosema.

Kukata kimeo au kuondoa tonsili kunasaidia?

Kukata kimeo hakusaidii chochote. Kimeo hakibebi ugonjwa huu, na watoto waliokatwa kwa wembe au kifaa kisicho safi wamevuja damu, wamepata maambukizi ya damu na pepopunda, na wengine wamefariki. Upasuaji wa kuondoa tonsili unaofanywa hospitali una sababu zake, ila haupendekezwi kama njia ya kuzuia homa ya rumatiki.

Kwa nini mtoto aliyepona aendelee kuchomwa sindano kila mwezi?

Kwa sababu kinga yake imeshaonyesha namna inavyomjibu streptokoka, na koo lijalo, hata lile asilolihisi, linaweza kuamsha upya shambulio dhidi ya moyo. Benzathini penisilini huyeyuka polepole msulini na kubaki katika damu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kila baada ya siku 28, au 21 kwa walio katika hatari kubwa, huongezwa nyingine. Vidonge vya kila siku vipo kwa wasioweza sindano, lakini kinga yake ni dhaifu zaidi, na sababu kubwa ni ileile ya kabatini.

Ushahidi mzuri wa hivi karibuni umetoka jirani. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwachunguza kwa ECHO watoto wa miaka 5 hadi 17 na kuwapata wenye dalili za awali za ugonjwa wa valvu ambao wenyewe hawakujua kwamba wanaumwa. Nusu walipewa sindano kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ugonjwa uliendelea kukua kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na kwa 33 kati ya 400 wasiochomwa. Kwa dawa ya zamani kiasi hicho, hayo ni matokeo ambayo wizara nyingi za afya zingepaswa kuwa zimeyabandika ukutani.

Sindano inauma sana, na tumesikia kwamba inaua. Je, ni salama?

Maumivu ni ya kweli, kwa sababu dawa ni nzito. Yanapungua chupa ikitolewa kwenye jokofu na kuachwa ifikie joto la chumba, dawa ikichanganywa na lignokaini (dawa ya ganzi) pale mwongozo unaporuhusu, msuli ukibonyezwa kwa kidole gumba kabla ya kuchoma, na dawa ikisukumwa polepole. Muuguzi mwenye subira huamua kama mtoto atarudi mwezi ujao. Dawa hii ichomwe msulini tu, kamwe si kwenye mshipa wa damu.

Mzio mkali upo lakini ni nadra sana, na kila kituo kinachochoma kinapaswa kuwa na adrenalini, dawa ya dharura ya mzio, karibu. Mtoto asubiri kituoni kwa muda baada ya kuchomwa. Baadhi ya vifo vilivyodhaniwa kuwa vya mzio vinaonekana kuwa vya moyo wenyewe: mgonjwa ambaye valvu zimeharibika vibaya anaweza kuzirai na kufariki kwa mshtuko wa maumivu na hofu. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kwamba wenye ugonjwa mkali wa valvu au moyo uliochoka wapewe vidonge badala ya sindano. Mtoto anayehema akiwa amelala, au aliyevimba miguu, aonwe na daktari kwanza kabla ya kuchomwa.

Amepitisha tarehe kwa wiki mbili. Tuanze upya?

Hakuna kuanza upya. Achomwe siku mnayokumbuka, na tarehe mpya ihesabiwe kuanzia hapo. Aliye shule ya bweni apewe barua ya kliniki kwa mlezi wa bweni na kituo cha afya kilicho jirani, na kadi yake isafiri naye. Mnapohamia mkoa mwingine, muulize kabla ya kuhama mtachomwa wapi, kwa kuwa mwezi wa kuhama ndio unaopotea kirahisi zaidi.

Inaambukiza? Ipo chanjo?

Homa ya rumatiki haiambukizi. Bakteria wa koo ndiye anayeambukiza, na mtoto anayetumia sindano anaweza kulala na kula na wenzake. Chanjo ya streptokoka wa kundi A bado haijapatikana.

Binti yetu ana miaka 14 na valvu yake imeguswa. Tujiandae vipi?

Aendelee na sindano, asafishe meno vizuri na kumweleza daktari wa meno kuhusu moyo wake kila aendapo, kwa sababu bakteria wa kinywani wanaweza kukaa juu ya valvu iliyochakaa. La pili huzungumzwa kwa kuchelewa mno. Katika ujauzito damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na valvu iliyobana, ambayo msichana aliivumilia bila shida, inaweza kumjaza maji kwenye mapafu. Wanawake wengi katika nchi zetu hugundulika na ugonjwa huu wakiwa wajawazito. Aambiwe mapema, kwa lugha ya kumheshimu na bila vitisho, kwamba atahitaji kuonana na daktari wa moyo kabla ya kushika mimba, na kwamba baadhi ya dawa za kuyeyusha damu zinazotumiwa na waliowekewa valvu bandia zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Penisilini yenyewe haina shida katika ujauzito wala kunyonyesha.

Sindano zitakoma lini, na nani anaamua?

Inategemea moyo ulivyoguswa. Kwa miongozo inayotumika zaidi, ambaye moyo wake haukuguswa huchomwa kwa miaka 5 tangu alipougua mara ya mwisho au hadi afikishe miaka 21, muda ulio mrefu kati ya hiyo miwili. Ambaye moyo uliguswa ukapona bila kovu ni miaka 10 au hadi 21, na ambaye valvu imebaki na kasoro ni miaka 10 au hadi 40, wengine maisha yote. Waliofanyiwa upasuaji wa valvu huendelea pia, kwa kuwa upasuaji hurekebisha valvu lakini haubadilishi kinga ya mwili. Anayeamua ni daktari wa kliniki ya moyo baada ya ECHO, na siku ya kusimamisha iandikwe kwenye kadi pamoja na sababu yake, ili kituo kingine kisije kumwanzishia upya au kumwachisha mapema.